Kibodi Inayouzwa Kando

Mwaka 1972 Alan Kay, mtafiti katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, aliandika makala kuhusu kompyuta ambayo haikuwapo bado. Aliiita Dynabook. Alitaka iwe na ukubwa wa daftari, uzito usiofika kilo mbili na bei ya dola 500 hivi, ili mtoto aweze kwenda nayo popote, asomee, achoree, aandikie na hata atungie programu zake mwenyewe. Enzi hizo kompyuta iliyobebeka kwa mkono mmoja ilikuwa bado ndoto. Wanaoandika historia ya teknolojia huutaja mchoro wake kuwa chimbuko la kishikwambi, nao wana haki. Lakini anayeutazama mchoro huo kwa makini ataona jambo ambalo husahaulika: chini ya skrini kuna kibodi. Kay aliwaza pia kwamba vitufe vingeweza kuchorwa juu ya skrini yenyewe, ili uso wote wa kifaa uwe wa kutazamia. Hata hivyo hakuwaza kifaa kisicho na vitufe vya kuandikia. Nusu karne iliyofuata imekuwa, kwa sehemu kubwa, ya viwanda kujaribu kuiondoa kibodi hiyo, kuificha, kuikunja au kuifanya ya hiari, na ya watu wa kazi kuirudisha mahali pake.

Kompyuta mseto, yaani kifaa kimoja kinachotaka kuwa kompyuta mpakato mezani na kishikwambi mkononi, hununuliwa leo na ofisi, vyuo na familia kwa hoja kwamba inabeba kazi ya vifaa viwili. Hoja hiyo haistahili kukubaliwa wala kukataliwa kwa kusoma tangazo. Ina historia ya zaidi ya miaka thelathini, na historia hiyo ina ushahidi wa kutosha wa kuitolea hukumu. Ninachodai ni hiki: vifaa hivi vimepimwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu kibodi imehesabiwa kuwa ziada. Uzito, unene na bei vinavyotangazwa mara nyingi ni vya kioo peke yake, ilhali kazi inayosifiwa hufanywa na kioo pamoja na kibodi. Mnunuzi asiyeliona hilo hulipia kitu kimoja huku akiahidiwa sifa za kingine.

Kampuni ya GRiD Systems ya Marekani inafaa kuanza nayo, kwa kuwa ilizishika ncha zote mbili za suala hili. Mwaka 1982 ilitoa Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge, ambayo skrini yake ilishikwa kwa bawaba na kukunjwa juu ya kibodi. Umbo hilo ndilo tunalolijua hadi leo katika kila kompyuta mpakato. Bei yake, dola 8,150, iliifanya iwe mali ya serikali na mashirika makubwa, na NASA ilifika hadi kuirusha angani. Miaka saba baadaye, mwaka 1989, kampuni hiyohiyo ikatoa GRiDPad, kazi ya mhandisi Jeff Hawkins: bamba la kilo mbili hivi, skrini ya inchi kumi isiyo na rangi, mfumo wa MS-DOS, na kalamu badala ya kibodi, kwa dola 2,370. Mashine iliweza kutambua herufi zilizoandikwa moja moja kwa uangalifu. Ilipata wateja wake miongoni mwa watu wanaofanya kazi wamesimama, wanaojaza fomu na kuweka alama kwenye visanduku, na kwa watu hao ilifaa kweli. Haikudai kwamba karani wa ofisini angeiandikia ripoti ya kurasa ishirini. Hawkins mwenyewe alikwenda kuanzisha Palm, na mashine ndogo za Palm zilizotoka mwaka 1996 zilimtaka mtumiaji ajifunze mwandiko maalumu, wenye herufi zilizorahisishwa, ili mashine imwelewe. Huo ulikuwa ukiri wa wazi wa mahali kalamu ilipoishia: kwa namba ya simu na miadi ya kesho ilitosha, na kwa maandishi marefu hapana.

Wengine hawakukiri mapema hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na imani kubwa kwamba kalamu ingeizika kibodi. Kampuni ya GO, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Jerry Kaplan pamoja na wenzake, iliandika mfumo mzima wa kompyuta za kalamu ulioitwa PenPoint. Microsoft ikajibu kwa Windows iliyoongezewa uwezo wa kalamu, na mwaka 1993 Apple ikaleta Newton, ambayo makosa yake ya kusoma mwandiko yalifanywa kichekesho kabla haijapata muda wa kurekebishwa. Newton ilifutwa mwaka 1998. Katikati ya vishindo hivyo, Compaq ilitoa mwaka 1993 kifaa ambacho hutajwa mara chache mno: Concerto. Kompyuta nzima ilikuwa nyuma ya skrini, mpini wake uligeuka kuwa kiegemeo cha kuisimamisha mezani, kibodi ilichomoka, na kalamu iliandika juu ya kioo. Atakayeiweka kando ya vifaa vinavyouzwa leo ataona kwamba wazo lote lilikuwa limekwisha kukamilika miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Ilikuwa nzito, betri za wakati huo zilikuwa dhaifu, na Windows 3.1 haikutengenezwa kwa ajili ya ncha ya kalamu, kwa hiyo haikudumu sokoni. Lakini wabunifu wake walielewa jambo ambalo wauzaji wa baadaye walilipuuza: mtu anayenunua kompyuta kwa kazi anataka kibodi yake ndani ya sanduku.

Jaribio kubwa zaidi lilifuata. Novemba 2001, kwenye maonyesho ya Comdex mjini Las Vegas, Bill Gates alitabiri kwamba katika miaka mitano kompyuta za aina ya kishikwambi zingekuwa aina inayouzwa zaidi Marekani. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Novemba 2002, Windows XP ya vishikwambi ikazinduliwa, na viwanda vikubwa vikaja na mashine zao. Acer TravelMate C100 ilikuwa na bawaba moja katikati iliyoizungusha skrini nusu duara na kuilaza juu ya vitufe. Compaq, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kununuliwa na HP, ilileta TC1000 ambayo kibodi yake ilichomoka kabisa. Utabiri wa Gates haukutimia. Sababu inayotajwa mara kwa mara ni vifaa: bei ilikuwa juu, prosesa ya Crusoe ndani ya TC1000 ilikuwa ya polepole, na betri haikutosha siku ya kazi. Yote hayo ni kweli, lakini hayaelezi kila kitu, maana matatizo ya aina hiyo hupungua kila mwaka. Kilichokaa ni programu. Dick Brass, aliyekuwa kiongozi wa mradi wa vishikwambi Microsoft, alieleza mwaka 2010 katika gazeti la New York Times kwamba mkuu wa kitengo cha Office alikataa kuzirekebisha programu zake zikubali kalamu moja kwa moja. Matokeo yake, mtu aliyetaka kuandika tarakimu moja kwenye jedwali alilazimika kuiandika kwanza katika kisanduku cha pembeni, kisha mashine iihamishe. Mtu wa uhasibu hawezi kufanya kazi hivyo hata kwa saa moja. Alirudi kwenye vitufe, na mara aliporudi huko, skrini ya kuzunguka ikawa gharama isiyo na faida kwake.

Hapo ndipo pingamizi kubwa kuliko yote hutolewa, nalo linastahili kujibiwa kikamilifu. Ikiwa kibodi ni ya lazima hivyo, mbona iPad ilifaulu? Apple iliitangaza tarehe 27 Januari 2010 kwa bei ya kuanzia dola 499, bila kibodi wala kalamu, na ikauzwa kwa mamilioni pale ambapo wengine walikuwa wameshindwa kwa miaka ishirini. Jibu limo katika uzinduzi wenyewe. Steve Jobs aliionyesha akiwa ameketi kwenye kiti cha starehe, na kazi alizozitaja kuwa iPad ingezifanya vizuri kuliko simu na kuliko kompyuta mpakato zilikuwa kuperuzi mtandao, barua pepe, picha, video, muziki, michezo na vitabu. Hakudai kwamba ingechukua nafasi ya kompyuta ya kazi. Aliiweka katikati ya simu na kompyuta mpakato. Zaidi ya hayo, siku hiyohiyo alitangaza pia kiegemeo chenye kibodi kamili, kilichouzwa dola 69, kwa ajili ya wale ambao wangetaka kuandika kwa kirefu. Kwa hiyo iPad haikuthibitisha kwamba kazi inaweza kufanywa bila kibodi. Ilithibitisha kwamba kuna sehemu kubwa ya maisha ya kila siku isiyoihitaji, na kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya sehemu hiyo, chenye programu zilizoandikwa upya kwa ajili ya kidole, kitapendwa. Apple ilipotaka kuiingiza kazini, ilifuata njia ileile ya wengine: mwaka 2015 iPad Pro ilikuja na kibodi ya jalada na kalamu, vyote vikiuzwa kando, na mwaka 2020 kibodi yenye bamba la kuongozea mshale iliuzwa kuanzia dola 299. Kampuni hiyo ambayo mkuu wake, Tim Cook, mwaka 2012 alifananisha kompyuta mseto na kuunganisha kibaniko cha mkate na friji, ilifika palepale kwa mwendo wa polepole.

Asus, kwa upande wake, iliona mapema. Transformer yake ya mwaka 2011 ilitumia Android, na kibodi yake ilikuwa na betri ya pili ndani, hivyo aliyeichomeka alipata vitufe na saa za ziada za kufanya kazi. Tatizo lilikuwa kwamba Android ya wakati huo haikuwa na programu za ofisi za kutosha kuistahilisha kibodi hiyo. Lenovo ilichagua njia nyingine mwaka 2012: Yoga, ambayo bawaba yake ilizunguka nyuzi 360, kibodi ikawa haitoki kamwe. Mtu alipoikunja kuwa kishikwambi, vitufe viligeukia nyuma na kuzimwa. Iliwaudhi waliotaka wepesi, kwa kuwa kilo moja na nusu si mzigo wa kushika kwa mkono mmoja. Lakini naiona Yoga kuwa kifaa cha kweli zaidi katika kundi lote la miaka ile, kwa kuwa bei yake na uzito wake vilikuwa ndivyo mnunuzi angevikuta nyumbani.

Microsoft ilitengeneza kifaa chake yenyewe, na historia yake inaonyesha hoja yangu kwa tarakimu. Surface RT ilitoka tarehe 26 Oktoba 2012, siku moja na Windows 8, kwa dola 499, bei ileile ya iPad ya kwanza. Matangazo yaliijaza skrini kwa kibodi ya rangi ikibofya mahali pake kwa sumaku, lakini ndani ya bei hiyo kibodi haikuwamo. Ililipiwa dola 120. Programu za zamani za Windows hazikufanya kazi juu yake, kwa kuwa prosesa yake ilikuwa ya aina ya zile za simu. Julai 2013 kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa kushusha thamani ya Surface RT na vifaa vyake. Mwaka 2014 ikaja Surface Pro 3, kifaa bora kwa kila kipimo, chenye skrini ya inchi 12, na kikauzwa kwa ahadi kwamba kinaweza kuchukua nafasi ya kompyuta mpakato. Uzito uliotangazwa ulikuwa gramu 800. Ukiongeza jalada lenye vitufe, la gramu karibu 300, unapata kilo 1.1. Wakati huohuo MacBook Air ndogo ya Apple, kompyuta mpakato ya kawaida, ilikuwa na kilo 1.08. Upande wa bei ni vivyo hivyo: Surface Pro 3 ilianzia dola 799, kibodi dola 130, jumla dola 929, wakati MacBook Air hiyo ilianzia dola 899 na kila kitu kikiwa ndani. Sisemi kwamba Surface haikuwa na chake. Ilikuwa na skrini ya kugusa na kalamu nzuri, ambavyo mwenzake hakuwa navyo. Nasema kwamba wepesi na unafuu, sifa mbili zilizotangulizwa mbele, zilitoweka mara tu kifaa kilipokamilika kwa kazi kilichoahidiwa kuifanya.

Kuna watakaosema kwamba mjadala huu wote ni wa kizazi kilichojifunzia mashine ya taipu, na kwamba vijana wa leo huandika juu ya kioo bila shida. Ni pingamizi zito, hasa Afrika Mashariki, ambako simu ndiyo kompyuta ya kwanza ya watu wengi na biashara nzima huendeshwa kwa ujumbe wa WhatsApp na malipo ya simu. Nakubali kwamba kasi ya vidole gumba ni kubwa kuliko wazee wanavyodhani. Lakini kasi si jambo la pekee. Kibodi ya kwenye skrini huchukua karibu nusu ya skrini pale inapofunguka, na kazi ya ofisi ni kuandika huku ukitazama kitu kingine: jedwali la mwaka jana, barua unayoijibu, mkataba unaoulinganisha. Isitoshe, uandishi wa kazi una kurekebisha kwingi kuliko kuandika kwenyewe, na kurekebisha kunataka mshale unaotua katikati ya herufi mbili. Apple iliukubali ukweli huo Machi 2020 ilipoiruhusu iPad kutumia mshale kikamilifu, miaka kumi baada ya kuanza.

Kalamu nayo isihukumiwe kwa dhambi za miaka ya 1990. Ilishindwa ilipopewa kazi ya kibodi, yaani kugeuza mwandiko kuwa maandishi safi, na kwa wasemaji wa Kiswahili ilishindwa mara mbili, kwa kuwa mashine zilizozinduliwa mwaka 2002 hazikufundishwa kusoma lugha yetu. Ilipoachwa ifanye kazi ya kalamu, ilifaulu. Mwalimu wa hisabati anayetatua mlinganyo mbele ya darasa, msanifu majengo, mchoraji wa katuni, mhariri anayeweka alama pembezoni mwa rasimu, daktari anayechora mahali penye uvimbe, hawa wote wanapata kutoka kwa kompyuta mseto kitu ambacho kompyuta mpakato ya kawaida haiwezi kuwapa kwa bei yoyote. Kwao pendekezo langu ni rahisi: wanunue. Ila wajue kwamba kalamu nayo mara nyingi huuzwa kando.

Ushahidi wa karibu nasi unakubaliana na huu wa mbali. Kenya iliendesha sensa yake ya mwaka 2019 kwa vishikwambi, na Tanzania ikafanya hivyo Agosti 2022. Karani wa sensa ni ndugu wa yule mtu wa GRiDPad: amesimama mlangoni, anauliza, anagusa jibu, anakwenda nyumba ya pili. Kishikwambi bila kibodi kilikuwa chaguo sahihi kabisa. Kadhalika Serikali ya Kenya, iliyoahidi mwaka 2013 kompyuta mpakato kwa watoto wa darasa la kwanza, hatimaye iliwapelekea vishikwambi, na kwa mtoto anayejifunza herufi kwa kugusa picha na kusikiliza sauti, badiliko hilo lilikuwa la busara. Suala hubadilika kifaa kinapobadilishiwa mtu. Baada ya sensa, vishikwambi vya Tanzania vilikabidhiwa kwa sekta ya elimu na kugawiwa walimu. Mwalimu husoma, na kwa kusoma kifaa kinamfaa. Lakini pia huandaa somo, hutunga mtihani, hujaza alama za wanafunzi sitini au mia na kuandika ripoti, na kazi hizo ni za vitufe. Kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya karani hakigeuki kuwa cha mwalimu kwa kukabidhiwa tu. Kibodi ndogo ya bluetooth kwa kila mwalimu ingekipa nusu ya thamani kinayoikosa, na kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na kifaa chenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo wakaguzi wa vifaa wa Ulaya na Marekani hulipa aya ya mwisho, na kwetu lingepaswa kuwa la mwanzo. Kompyuta mpakato ya kawaida ikiharibika kibodi au betri, fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa barabara ya Luthuli mjini Nairobi hubadilisha na mwenyewe akaondoka nayo jioni. Kompyuta mseto ya kibodi inayochomoka mara nyingi imebandikwa kwa gundi: kuifikia betri ni lazima uing'oe skrini, na skrini ikipasuka umepoteza sehemu iliyo ghali kuliko zote. Kundi la iFixit, linalofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, liliipa Surface Pro ya mwaka 2013 alama 1 kati ya 10, na Surface Pro 3 ikapata hiyohiyo. Hali imebadilika: Surface Pro 9 ya mwaka 2022 ilipewa alama 7, baada ya watengenezaji kuacha sehemu ya gundi na kutoa vipuri na miongozo. Ni badiliko kubwa na la kupongezwa, lakini nyingi ya mashine zinazofika madukani petu zikiwa zimetumika ni za miaka ile ya gundi, na betri zake zimekwisha kuchoka.

Kwa hiyo anayenunua, awe mkuu wa kitengo cha manunuzi au mzazi anayemtafutia mwanawe kifaa cha chuo, aombe bei moja: ya skrini, kibodi, na kalamu kama inahitajika. Apime uzito wa vyote pamoja, kisha alinganishe na kompyuta mpakato ya bei hiyohiyo. Ikiwa kazi ni kuandika na kuhesabu, na hakuna kuchora wala kusoma sana ukiwa umesimama, achukue kompyuta mpakato. Na asitegemee tangazo limfanyie hesabu hiyo: Surface Pro ya mwaka 2024 ilitangazwa kuanzia dola 999, na kibodi yake mpya ya Flex, kwa dola 349, haikuwamo.